Alinivunja mkono kwa sababu ya tiketi ya ndege ya mama yangu

Admin, nifichie jina langu na la mtaa uniwekee Kisauni tu, maana watu wa mume wangu wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita. Kwetu ni bara, upande wa Kisumu, lakini Mombasa nimekaa tangu nimalize shule. Ni karani wa kampuni ya malori Changamwe. Nina mume, dereva wa trela za kwenda Malaba, na mtoto mmoja wa kike, nimwite Neema.

Benki inayopitisha mshahara wangu ilinipa kadi ya mkopo. Nikawa kila kitu nanunulia kadi hiyo, unga, stima, karo ya Neema, na mshahara ukiingia nalipa yote. Kila ukilipa kwa kadi, benki inakuwekea pointi. Wenzangu ofisini walizibadilisha kwa vocha za supamaketi. Mimi nilizilea kimyakimya, kwa sababu mama yangu kila ndege ikipita juu ya shamba lake husimama na jembe lake akaitazama mpaka ipotee. Nilitaka apande yeye.

Pointi zikatosha. Nikazikomboa kwa tiketi moja ya ndege, Kisumu kuja Mombasa. Sikumwambia mume wangu siku hiyo kwa sababu alikuwa njiani, nikasema akifika nitamweleza tukiwa tunakula.

Alifika mchana nikiwa nafua uani. Simu yangu ilikuwa mezani, na ujumbe wa ndege ulikuwa hapo juu: safari ya Jumamosi, malipo sufuri. Jina la mama halikuandikwa. Akatoka nayo mkononi.

"Nani huyu anakuja kwa ndege Jumamosi, mimi nikiwa Malaba?"

"Ni mama, Baba Neema. Nilitaka nikwambie leo."

"Mama yako ana pesa ya ndege?"

"Hakuna pesa iliyotoka. Ni pointi za kadi."

"Pointi! Kwani wewe unacheza ligi?"

Kofi la kwanza lilinikuta nimeinama kwenye beseni. Nikaanguka na nguo zangu. Alinipiga mateke ya tumbo, akaniburuta ndani kwa nywele, huku Neema analia, "Baba, muache mama." Nikamsihi apige simu benki asikie mwenyewe. Akapiga, akaweka spika. Msichana wa benki akaniuliza maswali yake ya usalama, nikayajibu damu inanichuruzika mdomoni, kisha akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Ndiyo, mama, ulikomboa pointi zako kwa tiketi moja. Abiria uliyemwandikisha ni mama yako mzazi."

Ndugu zangu, nilidhani yameisha. Nilimwona uso unabadilika, nikajua hayajaisha. Alikuwa ameshaona kwamba amenipiga bure, na hilo lilimuuma kuliko kama angenikuta na mwanamume. Akasema, "Kwa hivyo una mali unanificha. Mimi nakesha barabarani, mama yako ndiye wa kupanda ndege?" Akaenda kwenye begi lake la kazi akarudi na spana ya kufungulia magurudumu. Niliinua mkono kujikinga kichwa. Mfupa nilisikia ukilia.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, Bi Zuhura, aliyesukuma mlango akipiga kelele, "Wallahi utamuua mtoto wa watu! Mwache!" Mume wangu akampita mlangoni, akaenda zake kazini. Hospitali nikafungwa plasta kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko, nikaandikisha taarifa polisi.

Jumamosi Bi Zuhura ndiye aliyeenda kumpokea mama uwanjani. Nilikuwa nimeota mara nyingi jinsi atakavyonisimulia mawingu. Aliingia, akaniangalia uso, akaniangalia mkono, akaweka kikapu chake chini. Habari za ndege hajanisimulia mpaka leo.

Mume wangu aliporudi safari, mama alikuwa sebuleni anatwanga njugu kwenye kinu cha Bi Zuhura. Hakumsalimu mkwewe. Alinijia moja kwa moja, "Umeniripoti polisi? Mimi?" Akaukamata mkono wenye plasta akausokota. Nilipiga yowe ambalo sijui lilitoka wapi. Mama akainuka na mchi. Alimpiga wa kwanza kisogoni, na alipogeuka akampiga wa pili usoni. Mume wangu akaanguka kama gunia, damu ikasambaa mpaka chini ya kochi. Mama alikuwa ameinua wa tatu, Bi Zuhura akaja akamkumbatia kwa nyuma.

Nitasema ukweli wangu hapa kwa kuwa hamnijui. Nilisikia raha. Mchi ulipotua nilisikia raha mwili mzima, na bado nikiifikiria naogopa moyo wangu.

Hakufa. Jicho moja limepotea, na sasa yuko kwa ndugu zake. Mama alikamatwa, sasa yuko nje kwa dhamana, anashtakiwa kwa kumjeruhi. Wiki iliyopita kaka mkubwa wa mume wangu alikuja, akaongea kwa upole. "Shemeji, tuyamalize kama familia. Wewe futa kesi yako, umrudie mumeo umuuguze. Na sisi tutafuta ya mama, arudi kwake salama. Ukikataa, mama atazeekea jela."

Mama alikuwa anasikiliza. Shemeji alipoondoka akaniambia, "Ukirudi kwa yule mtu, basi nilimpigia nini? Mimi ni mzee. Jela nitalala, nitakula, nitasali. Wewe hutatoka mzima."

Kesi ya mama inatajwa tena mwezi ujao na shemeji anataka jibu kabla. Nikikubali, narudi kulala kitanda kimoja na mtu aliye na jicho moja na sababu mbili za kuniua. Nikikataa, aliyenizaa anafungwa kwa ajili yangu. Wenye mama, wenye mabinti, niambieni: ningekuwa mwanao ungenishauri nini?