Ulimi wa Profe

Profe, mwalimu wa Kiingereza pale mtaani Los Mina, kitu cha kwanza anakutolea ulimi. Anaubana kwenye meno, anapuliza "th" mpaka mate yanawarukia waliokaa mbele, halafu anakuamuru: "Toa na wewe! Unaona aibu ya nini, umeuazima?" Mwanafunzi wake Wandry aliona aibu kweli, akamjibu ovyo, akatimuliwa nje. Akasimama chini ya dirisha na hasira zake, anapanga matusi ya kumtupia. Mara simu ya Profe ikalia. Akatoka kuipokea, vidole vyeupe kwa chaki, huku anaiweka sawa kola ya shati kana kwamba anaonekana. Ni binti yake wa New York, sauti inasikika mpaka dirishani.

"Baba, kwenye harusi unakuja au huji?"

Mtaa mzima unajua Profe alirudishwa kutoka huko kwa pingu, na haruhusiwi kukanyaga tena. Binti peke yake ndiye aliyedanganywa kwamba baba alirudi kumuuguza bibi.

"Nitakuandikia, mama," akasema taratibu, kila sauti imenyooka kama anavyofundisha. Wandry matusi yakamkaukia mdomoni. Profe akamwona, akamsukuma begani warudi ndani, akafuta ubao kwa kiwiko kama kawaida yake.

"Leo barua ya kirafiki. Mtu wako anaolewa, na wewe huendi. Mpe sababu."

"Sababu gani, Profe?" Wandry akauliza kwa sauti ya chini.

Profe alikuwa ameshawapa mgongo.

"Yoyote. Bora aiamini."