Waya wa Platini

Pale maabara walimwita Masizi, naye akaitika. Angefanyaje, na miaka kumi na miwili weusi wa vidole vyake haujawahi kutoka? Kazi yake ilikuwa kuchanganya unga mweusi wa grafini, aina ya kaboni, na chembe za chuma, kuupaka kwenye kipande cha kaboni, kukitumbukiza kwenye maji ya tindikali, kupitisha umeme, na kupima haidrojeni inayotoka. Aliyemfundisha ni Mzee wa maabara, mtu wa ulimi mkali na moyo laini, na Masizi alimpenda kama babake.

Mzee alishikilia kwamba chuma cha bei rahisi kinaweza kutoa haidrojeni sawa na platini, ile metali ya bei ghali. Vipimo vilimuunga mkono. Ilibaki eksirei tu, ile ya mtambo mkubwa, inayoonyesha ni metali gani hasa iliyomo kwenye ule unga. Zamu yao ilifika baada ya kungoja miezi minane, na Mzee wakati huo yuko kitandani, ini limekwisha.

Masizi akaenda peke yake. Siku ya pili mstari kwenye skrini ukapanda pale pasipotakiwa. Akabadilisha sampuli, lakini wapi! Platini. Ilitoka kwenye waya wa platini uliopitisha umeme upande wa pili wa chombo cha tindikali kule maabara, miaka yote ukiyeyuka kidogo kidogo na kujibandika juu ya kazi yao. Sifa zote walizokipa chuma huenda zilikuwa za platini. Masizi alikaa akalia bila aibu.

Njiani kwenda kwa Mzee akaamua kumdanganya. Nani angemlaumu?

Mke wa Mzee alimfungulia, akamvutia kiti.

"Ni chuma?" Mzee akauliza.

"Ni chuma, Mzee. Safi kabisa."

Mzee akatabasamu, akafumba macho. Kisha akayafumbua. "Platini uliitafuta?"

Mzee mwenyewe ndiye aliyemzoesha swali hilo. Masizi akainamia vidole vyake.

"Basi ni ule waya," Mzee akasema taratibu. "Niliuweka mimi, fimbo ya kaboni ilipovunjika. Nikasema ni wa wiki moja tu."

Akageukia ukutani.

Alizikwa Ijumaa. Mkewe akampa Masizi daftari lake. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko uliopinda, paliandikwa: "Rudia, kwa fimbo ya kaboni. Chuma chaweza bado."

Masizi akarudia. Alikaa saa mbili akikodolea chombo macho, akimwomba Mungu hata kiputo kimoja cha haidrojeni. Hakikutoka. Akachukua kalamu, akaandika sifuri chini ya mwandiko wa Mzee.