Waridi la Jangwani Mlangoni kwa Mama

Uwanja wa mama haukuwa na nafasi ya kitu kisicho na kazi. Mwembe ulikuwa wa kuliwa, mkonge wa kamba, minyaa ya kuzungushia mbuzi. Nilipomaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Machakos kusubiri kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunitafuta, nilimletea waridi la jangwani. Nililing'oa kwenye miamba karibu na Kithyoko, nilikokwenda kumwona shangazi. Ni mmea mfupi, shina limevimba kama kibuyu, na ulikuwa umejaa maua mekundu mahali ambapo hata nyasi zilikuwa zimekauka.

"Unaliwa?" mama aliuliza.

"Hapana. Utomvu wake ni sumu. Wawindaji waliupaka kwenye mishale."

"Na wewe unaniletea mlangoni?"

"Mbuzi hawaugusi, mwaitu," nilisema, kama Wakamba tunavyomwita mama.

"Mbuzi wana akili."

Nafasi ile kando ya mlango wa jikoni alikuwa ameitenga kwa ajili ya mpapai. Alinikubalia niitumie mpaka siku ambayo mwethya, kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu, kingekuja kuchimba mitaro ya shamba letu. Kama wangefika na kuukuta hauna maua, wangeung'oa. Nilikubali bila kufikiri mara mbili. Maua yalikuwa yamepukutika safarini, lakini nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Kiangazi kiliendelea, majani nayo yakaanguka. Sikuumwagilia. Kule miambani ni nani alikuwa akiumwagilia? Lakini kwetu maji yalikuja kwa mgongo wa punda kutoka mtoni, na hakuna mtu mwenye adabu aliyeyamwaga ovyo. Ukisuuza kikombe, ukinawa mikono, unatafuta kitu kilichoota na kukinywesha hapo. Nilienda Nairobi kwenye usaili wa kazi, nikakaa huko siku kadhaa. Wageni waliokuja nyumbani waliona mmea wangu uko uchi, wakauonea huruma. Niliporudi nilibonyeza shina, kidole kikazama.

"Nani ameumwagilia?"

"Sisi wote," alisema jirani yetu, mama mcheshi aliyekuwa kwetu karibu kila siku. "Wewe uko Nairobi, mtoto wako anakufa kiu."

"Mmeuozesha!"

"Aiyee! Siku hizi maji ni makosa?"

Niliung'oa. Nilikata sehemu iliyooza kwa kisu cha jikoni mpaka nikafikia nyama nyeupe, nikapaka unga wa makaa, kisha nikauning'iniza kwa kamba chini ya paa la ghala, mizizi juu. Hakuna aliyenifundisha, chuoni nilisomea uchumi. Niliwaza tu kwamba kama maji ndiyo yaliyouozesha, basi kiu ingeuponya. Sikuwa na hakika.

"Unaanika nyama gani hiyo?" jirani aliuliza.

"Msomi wetu huyo," mama akamjibu. "Mti ni mgonjwa, yeye anaunyonga."

Kidonda kilipokauka niliupanda tena pale pale, kwenye tuta dogo la kokoto na mchanga, nikauzungushia mawe. Niliwaambia wote kwamba atakayemwaga maji hapo tutakosana. Kuna waliokasirika. Waache wakasirike, nilijisemea. Mpaka lini tutaua vitu kwa wema?

Mwethya walikuja na majembe yao, wakiimba. Mmea ulikuwa na majani mawili. Maua hakuna. Kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alisimama juu yake.

"Ni huu?"

"Ni huu," mama akasema.

Nilisimama kati ya mmea na jembe. "Hautang'olewa."

"Uko na faida gani?"

"Hauna."

Walicheka. Jirani akadakia, "Kama digrii yako!"

"Basi tuko wawili," nilisema, "na hatutoki."

Walicheka zaidi, ila kiongozi hakucheka. "Mwethya hatubishani. Mwenye neno lake hulichimba." Alinipa jembe lake, akaonyesha upande wa pili wa jikoni, penye udongo mgumu ambao kila mtu alikuwa akiukwepa. "Mpapai utakaa pale. Tukimaliza mtaro na shimo halijafika gotini, huu tunang'oa."

Wakashuka shambani. Jembe liligonga ardhi kama limegonga bati. Malengelenge yalitokea, yakapasuka, nikafunga viganja kwa kitambaa na kuendelea. Mama alikuja, nilidhani anakuja kunisaidia. Aliingiza mguu shimoni.

"Gotini kwa nani? Kwangu bado."

Akarudi kwa wenzake.

Waliporejea, vumbi limewajaa, kiongozi alipima kwa mguu wake mwenyewe, mguu mrefu kuliko yote. Ukingo ulipita goti. Alivuta mguu, akachukua jembe lake mikononi mwangu, akaangalia damu kwenye mpini.

"Leteni mpapai," alisema.

Ninaowasimulia huuliza kama waridi lilichanua. Lilichanua, kiangazi kilichofuata, na jirani ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wageni kana kwamba alilizaa yeye. Lakini sitaki maua yanitetee. Nilipokuwa nikichimba, mmea ulikuwa kisiki chenye kidonda, na huenda ungekufa wiki iliyofuata. Ningechimba vile vile.