Sauti Iliyomeza Violini

Katika kwaya nzima, mama yangu peke yake ndiye aliyeamriwa kufungua mdomo bila kutoa sauti.

Leo nimempigia pasi joho lake la kwaya. Mvuke ulipotoa harufu ya dawa ya nondo, hasira ilinipanda upya.

Kwaya yetu, iitwayo Huruma, ilikuwa imealikwa kuimbia sinema ya zamani isiyo na sauti, pamoja na wapiga violini kutoka Nairobi. Taa zikikaribia kuzimwa, mwalimu wa kwaya alimwambia mama yangu mbele yetu, “Mama, sauti yako inameza violini za wageni. Wewe fungua mdomo tu.”

Jirani yetu akanigeukia akicheka. “Kumbe mamako naye ni wa sinema!”

Mama alitii mpaka mwisho.

Bado ni mwanakwaya. Kila Jumapili nakaza masikio nikiitafuta sauti yake, na sijaipata.