Kisanduku Kilichokataa Umeme wa Ukweni

Kwetu mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Anakwenda asubuhi, anakula mchana, jua likishaanza kuinama anaaga. Na mke akibaki kulala kwao peke yake, majirani wanahesabu mabegi aliyokuja nayo, na kesho yake kijiji kizima kinajua kaachika. Ndiyo maana tangu tuoane mke wangu hakuwahi kuamka kwao. Tulikuwa tunatoka Ihumwa alfajiri, tunafika Kolo, anamkumbatia mama yake, anamenya vitunguu viwili vitatu, na mimi tayari nimesimama mlangoni natikisa funguo za gari kama kondakta.

"Nataka niamke kwetu," aliniambia siku moja. "Wiki moja tu. Niwe kitandani, nimsikie mama anafagia uwanja, halafu nisiinuke."

Wake za wenzangu wanaomba dhahabu. Wangu aliomba ufagio, tena wa kusikia tu.

Mimi ni fundi makochi. Mtafiti mmoja wa michoro ya mapangoni aliwahi kuniletea tela lake la kulala nimshonee magodoro upya. Tela lenyewe ni chumba cha bati juu ya magurudumu mawili: kitanda, kijifriji, feni na taa. Kabla sijamaliza kushona kazi yake ikaisha, akaona taabu kulivuta hadi kwao, akaniuzia kwa bei ya huruma. Mtaa mzima ulicheka. Waliniuliza kama nimenunua kibanda cha chipsi au jeneza la tembo. Lakini mimi niliona kitu ambacho wao hawakukiona: paa langu mwenyewe. Nikiliegesha uwanjani kwa wakwe, nitakuwa nimelala ukweni bila kulala ukweni. Hakuna hakimu angenitia hatiani.

Tukalijaribu kwanza nyumbani. Nilivuta waya kutoka kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mashine ilipozimwa. Umeme wote uliokuwa unasaga mahindi ukakosa kazi, ukaja kututembelea sisi. Feni lilizunguka mpaka pazia likataka kuhamia Manyoni, taa ikawaka kama jua la Oktoba, halafu pap, na harufu ya plastiki.

Mke wangu alishuka taratibu, kanga begani. "Mhitimu," aliniita, "hili ndilo paa lako?"

Mhitimu ndilo jina langu la nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, ukubwani, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na fizikia niliipasua vizuri kiasi kwamba hadi leo siwezi kubadilisha betri ya rimoti bila kutoa mhadhara. Nilimweleza kwamba tela linalochomeka leo kwa huyu na kesho kwa yule halijui litakutana na umeme gani, hivyo linahitaji kinga ya kulisimamia mlangoni kama bawabu.

"Tukanunue bawabu basi," alisema, "mhadhara utaumalizia njiani."

Tukaenda mjini, kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye macho ya kucheka.

"Unalinda tivii au friji, kaka?"

"Nalinda nyumba."

"Nyumba iko wapi?"

"Hapo nje, nimeipaki."

Alichungulia, akaliona tela nyuma ya pikapu yangu, akarudi kaunta bila kutikisika. Nikamheshimu. Kwanza akanitolea ekstensheni yenye kitaa chekundu, imeandikwa kwamba ni kinga. "Hii ndani ina kitaa na maandishi," alisema. "Wanaipenda kwa maandishi." Akaleta gadi ya friji, ile inayozuia umeme kwanza mpaka utulie ndipo inauruhusu. Nzuri, ila inajua umeme mkubwa na umeme mdogo tu, basi. Akaleta stabilaiza, chuma kizito kama mbuzi mwenye mimba. Ningeipakia, tela lingekwenda Kolo limeinama upande mmoja kama mtu mwenye jipu.

Mwisho akaweka mezani visanduku viwili vya kufanana. "Hivi ni vya watu wanaochomeka kwa watu," alisema. "Unachomeka kisanduku kwanza. Kinauonja umeme. Ukizidi kinakata, ukipungua kinakata, nyaya zikiwa zimepishana kinakata. Na kama waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haufanyi kazi, hakiruhusu kabisa. Wewe una nyumba ya bati, kaka. Hitilafu kidogo bila ethi, na nyumba yako yote inakuwa waya. Mtu akishika kitasa, habari yake ndiyo hiyo."

"Tofauti ya hivi viwili ni nini?"

"Hiki kinawasha taa tu. Hiki kinawasha taa na kinapiga kelele."

Mke wangu alinivuta shati. "Chukua cha kimya. Tunakwenda ukweni."

Nilichukua cha kelele. Mtu asome fizikia mpaka mvi zianze, halafu anunue kifaa kisichosikika?

Nikatengeneza vilivyoungua, tukafunga safari, tukafika Kolo mchana wa jua kali. Nusu ya kijiji ilitangulia mbele ya tela, nusu ikafuata nyuma, na nilipoegesha uwanjani mwa baba mkwe kulikuwa na watu wengi kuliko harusi yetu. Mzee alitoka na kofia yake ya kufuma, akalizunguka tela, akaligonga bati kama anayechagua tikiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kwa hiyo leo umekuja na nyumba."

"Nimekuja na paa tu, baba. Ili tusivunje heshima."

Akacheka kidogo. Alilipenda jambo lenyewe, niliona. Alimwambia binti yake wakae wiki nzima, hata zaidi. Halafu akaingia ndani mwenyewe akatoka na ekstensheni ndefu, ameibeba mikononi kama anayeleta ugali kwa mgeni. "Mkwe wangu hatalala gizani katika uwanja wangu. Chomeka."

Hapo sikuwa na ujanja. Mwenye nyumba akikukaribisha chakula hunusi kwanza. Lakini mke wangu alikuwa ameshashika kitasa cha bati, anapandisha begi lake. Nikachukua kisanduku, nikakichomeka kwenye ekstensheni ya mzee.

Kikawasha taa nyekundu, kikalia. Sikuwahi kukisikia kikilia kabla ya hapo. Nilidhani kingetoa mlio wa adabu, kumbe kilikuwa na sauti ya nguruwe aliyebanwa mlangoni. Kuku wakapanda juu ya paa. Mama mmoja alikuja mbio kutoka ng'ambo ya barabara kuuliza nani amefariki.

Baba mkwe alikitazama. "Kinasema nini?"

"Kinasalimia, baba."

"Kinasalimia mpaka lini?"

Nikakichomoa.

"Nimekielewa," alisema mzee. "Kimeonja umeme wangu, kikatema."

"Si hivyo, baba. Kinasema waya wa ethi haufanyi..."

"Umeme huu huu ndio unaotoa adhana hapo chini mara tano kwa siku. Haujawahi kulalamikiwa. Leo unakuja na nyumba yako na sanduku lako kutufundisha uwanjani kwetu?" Akaanza kukunja ekstensheni yake, mkunjo kwa mkunjo, bila haraka. "Barabara ya Dodoma bado iko wazi. Mkiondoka sasa mtafika kabla giza halijawa nene."

Mke wangu alibaki ngazini na begi lake. Hakunilaumu, hakulia. Aliutazama tu ule uwanja, na ufagio wa mama yake ulioegeshwa ukutani, kisha akanitazama mimi. Nilijua maana yake: weka pembeni hicho kisanduku, chomeka moja kwa moja, tulale. Na ningefanya hivyo, Mungu ananijua mimi ni mwoga wa wakwe kuliko wa radi, lakini mkono wake bado ulikuwa kwenye kile kitasa.

"Siwezi," nilimwambia. "Tutalala gizani au tutarudi. Hapo sichomeki."

Mzee alisikia kila neno. Akakunja mkunjo mwingine.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko. Mama mkwe haongei na mimi ana kwa ana, heshima hairuhusu. Akiwa na jambo langu huliambia lililo karibu naye. Siku hiyo aliwaambia kuku.

"Nyie kuku," alisema, "kuna mtu amwambie mtu mmoja kwamba friji la humu ndani linaniuma kila asubuhi. Nalifungua kwa kanga. Nalifungua na ndala mkononi. Nimesema mpaka nimechoka."

Nikageuka kwa mzee. "Friji linauma, baba?"

"Linatekenya," alisema mzee. "Halina ubaya. Linawajua wezi."

Wajukuu wakaanza kucheka, na mke wangu akanieleza palepale ngazini. Ndani ya friji hukaa dumu la maziwa ya mgando, mali ya baba peke yake. Zamani wajukuu hawakuliacha limalize siku. Tangu friji lianze kupiga watu shoti, maziwa ya mzee yanakaa yakakomaa mpaka yanatamani kuoa. Yeye hulifungua kwa kijiti cha mkwaju alichokificha juu ya kabati.

"Nyie kuku," sauti ikaendelea, "hicho kijisanduku kinachosema kweli kisiondoke hapa. Mtu akikifukuza, na mimi nitapanda hilo tela niende nacho Dodoma."

Mzee akasimama na ekstensheni yake iliyokunjwa nusu. Hapo alikuwa na vita mbili, na moja hakuwahi kuishinda katika ndoa yake yote.

"Haya," aliniambia. "Huo waya unaousema, unakaa wapi?"

Tukazima swichi kubwa, tukazunguka nyumba. Nyuma ya chumba cha wageni tuliukuta unaning'inia ukutani kama mkia wa panya, na kibano cha shaba mwishoni, hakijabana chochote. Chini yake palikuwa na tundu kwenye ardhi.

"Hapa palikuwa na nondo ya shaba," nilisema. "Ndefu. Fundi huigongelea chini ili umeme mbaya upite hapo uzame. Imekwenda wapi?"

Baba mkwe alikohoa. Akaangalia upande wa zizi. Na mimi nikaangalia. Chini ya kivuli cha zizi alikuwepo beberu mkubwa mweusi, amefungwa kamba kwenye kigingi kinachometameta.

"Alikuwa anang'oa kila kigingi cha mti," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Hicho hakukiweza."

Sikucheka. Mtu akiuliza, mimi sikucheka. Nilikwenda nikakohoa nyuma ya choo mpaka mbavu zikaniuma, nikarudi na uso wa mazishi.

Tulimhamisha beberu kwenye gogo, tukaipigilia nondo mahali pake. Ardhi ya kwetu wakati wa kiangazi ni tofali lisilo na mwisho. Kila nikipiga nyundo nilisikia meno yakigongana. Tukakaza kibano, tukawasha, nikachomeka kisanduku. Bado chekundu, na nguruwe wake. Mzee alinitazama kwa matumaini.

"Pakavu mno," nilisema. "Ardhi kavu haimezi umeme. Inataka maji."

Hakuna aliyetumwa. Mama mkwe alitokea kona ya nyumba na beseni la maji ya kuoshea vyombo, uso ameugeuzia ukutani ili tusionane, akamwaga lote pale penye nondo, akaleta la pili. Maji yakazama yakitoa povu. Kisanduku kikakatisha mlio katikati, kikatulia, taa ikawa ya kijani.

"Sasa kinasalimia," alisema baba mkwe.

Asubuhi niliamshwa na ufagio. Fya, fya, fya, kuanzia mlango wa jiko mpaka magurudumu ya tela. Mke wangu alikuwa macho, shuka limemfika kidevuni, anatazama dari la bati kana kwamba ni televisheni. Nilitaka kusema kitu kuhusu fizikia.

"Usiharibu," alinong'ona.

Ufagio ulikuwa haujamaliza uwanja pale mlango wetu ulipogongwa. Alikuwa baba mkwe, amekumbatia dumu la maziwa ya mgando, limebaki robo. Nyuma yake wajukuu walikuwa wamejipanga ukutani, kila mmoja na sharubu nyeupe.

"Friji langu limekuwa laini," alisema. "Mtoto yeyote analifungua."

"Pole sana, baba."

"Hilo lako lina nafasi?"

Nikampisha. Akaingiza dumu kwenye kijifriji chetu, akakifunga, akakijaribu mlango mara mbili, kisha akanitazama na macho ya mtu aliyekwisha kukata shauri.

"Kufuli za friji zinauzwa Kondoa mjini," alisema, "na mimi sina safari ya huko karibuni. Tela hili lisiondoke."

Kutoka chini ya shuka nilimsikia mke wangu akijibu kwa heshima zote: "Sawa, baba. Hatuna haraka."