Sauti Yangu Iliimba Bila Mimi

Siku niliyoamua kufunga mdomo ili nimwaibishe mtu mbele ya ukumbi mzima, sauti yangu ilitoka kwenye spika ikaimba bila mimi.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa naota. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, midomo nimeibana, mkono kiunoni, na bado nikajisikia naimba.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana wengine najua mshaanza kunicheka.

Mnaujua wimbo wa "Usifunge Mlango"? Eeh, huo huo. Mnaokatia keki kwenye harusi, mnaotumiana mkinuniana. Unaanza na gitaa moja taratibu, jamaa anabembeleza, halafu ngoma zinalipuka, magitaa yanalia, na mwimbaji anapandisha sauti juu kabisa mpaka watu wazima wanatafuta leso.

Ile sauti ya juu si yake. Ni yangu.

Mwimbaji mnamwita Koo la Dhahabu. Mimi namwita shemeji, maana ni kaka mkubwa wa mume wangu. Na mume wangu ndiye mpiga ngoma wa bendi hiyo hiyo ya roki. Nyumbani namwita Baba Pacha.

Siku wanarekodi, Koo alijaribu kupanda pale juu akaishia kukohoa. Akajaribu tena, akakohoa tena. Mimi nilikuwa mchumba tu, nimewaletea chai. Nikaimba kile kipande kwa utani, sinia mkononi.

Wakanisimamisha kwenye kipaza sauti, wakarekodi.

"Shemeji," Koo akasema, "hii ibaki siri ya familia."

Nikakubali. Nilitaka ukoo unipende.

Tangu hapo, kila onyesho mimi ni wa nyuma ya pazia. Koo anatanua mikono, anafumba macho, anaachama. Naimba mimi, analiliwa yeye. Wanawake wanakuja kuniambia, "Una bahati wewe, shemeji yako ana sauti!" Mimi nacheka kwa meno tu.

Mwaka huu wakaandaa onyesho kubwa la kuusherehekea wimbo huo. Nikamfuata Koo mazoezini.

"Shemeji, safari hii nitoke mbele. Kwenye wimbo huo mmoja tu. Watu wanione."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba. "Utoke kama nani?"

"Kama mwenye sauti."

Alicheka huyo mtu, mpaka akaegemea spika. "Watu wanakuja kumuona mwanamume anayelia kwa mapenzi. Nani anataka kumuona mama wa watoto na sandali zake?"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anakaza ngoma zake, kidude chake sikioni, kainamisha kichwa.

"Baba Pacha, umesikia ninavyoambiwa?"

"Mama Pacha, tusiharibu shughuli. Wewe imba tu kama kawaida."

Kama kawaida! Damu ilinichemka. Nikasema kimoyomoyo, sawa. Leo utaimba mwenyewe, Koo la Bati.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Wimbo ukaanza. Watu wakawasha tochi za simu, wapenzi wakakumbatiana, Koo akabembeleza weee. Mimi nyuma ya pazia nimeshika kipaza sauti changu, nasubiri kwa hamu kama mtu anayesubiri ugomvi.

Kwenye wimbo ule sauti ya juu inakuja mara mbili. Mara ya kwanza katikati, kisha gitaa linalia peke yake kwa muda mrefu, kisha mara ya mwisho ambayo ndiyo ya kuua watu.

Ya kwanza ikafika. Koo akaachama. Mimi nikabana midomo.

Sauti ikatoka.

Yangu. Ile ile ya usichana, safi, haina hata mkwaruzo wa umri. Ukumbi ukapiga mayowe.

Nikagonga kipaza sauti kwa kidole. Kimya. Nikakipuliza. Kimya. Nikaushika waya wake nikaufuata, mpaka chini ya zulia.

Mwisho wa waya ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe wa gundi. Haujachomekwa popote. Utepe wenyewe umeshakuwa wa njano.

Fundi mitambo alikuwa nyuma ya pazia hilo hilo, pembeni ya jukwaa, na mashine zake. Nikamwendea na ule waya mkononi. Aliponiona, uso ulimshuka.

"Hiki kitu hakiwaki tangu lini?"

"Mama, tuongee baadaye, gitaa linakaribia kuisha."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipojifungua pacha. Hukuwepo, tukatumia sauti yako ya kwenye rekodi. Ikatoka safi kila siku. Uliporudi... Koo akasema tukuache usimame pale pale. Ukijiona unafaa, hutasema siri."

Pacha wangu sasa hivi wanajinyolea ndevu.

Hapo ndipo nikakumbuka siku niliyokuja na mafua, sauti imekwama kabisa, nikaimba hivyo hivyo huku naona aibu. Watu wakasema Koo hajawahi kuimba vizuri vile. Nilijipongeza, mjinga mimi!

Nikauliza kwa sauti ndogo. "Baba Pacha anajua?"

Fundi akaangalia vitufe vyake. "Sasa mama, bila kupigiwa mapigo sikioni, ngoma zake na rekodi vitaendaje sawa?"

Kile kidude cha sikioni! Aliniambia kapewa na daktari, eti kelele za ngoma zinamuumiza. Na mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha kukibeba. Nakifuta kwa kitambaa, namwekea mfukoni.

Koo nilishamzoea. Lakini huyu nalala naye kitanda kimoja.

Gitaa likaisha. Ngoma zikalipuka. Koo akapiga magoti, akatanua mikono, akaachama kwa ile sauti ya mwisho.

Nikachomoa waya wa mashine ya rekodi.

Hakikutoka kitu. Mtu mzima kapiga magoti, mdomo wazi, na ukumbi mzima unamtazama. Akajaribu kuimba mwenyewe, kikatoka kimlio cha bawaba isiyotiwa mafuta. Mtu akacheka. Halafu mstari mzima. Halafu wakaanza kuzomea.

Ngoma zikasimama. Baba Pacha akaangalia kwenye pazia moja kwa moja, akavua kile kidude sikioni polepole.

Koo akatambaa kwa magoti mpaka kwenye pazia, jasho linamtoka. "Shemeji, imba! Nakuomba, imba!"

Nikamwonyesha ule waya wenye utepe wa njano.

"Niimbe kwenye hiki?"

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Mume wangu alinikuta nyumbani nafunga nguo zake, si zangu. Akasema hawakutaka kuniumiza. Nikamwambia aende akaishi kwa kaka yake, wapigiane mapigo sikioni.

Siwaombi mnionee huruma. Ninachowaambia ni hiki: kama kuna mahali unavumilia dharau ukijipa moyo kwamba bila wewe hawawezi, usisubiri siku ya kuwanunia ndipo ujue. Nenda kaangalie waya wako leo.