Mwaka Mama Alipoishika Landrova

Harufu ya oili ya giaboksi haifanani na harufu ya oili ya injini. Ya injini ni nyepesi, inakaribia harufu ya chakula kilichoungua kidogo; ya giaboksi ni nzito, ina ukali wa yai viza, na ikishaingia nguoni haitoki hata nguo ikifuliwa mara tatu na kuanikwa kwenye jua la Voi. Chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba, na ua wetu wa mtaa wa Sofia ulinuka oili hiyo kila mwezi wa Agosti nilipokuwa mdogo. Ilichanganyika na vumbi jekundu, na mafuta ya taa aliyooshea baba mikono, na moshi wa makaa kutoka jikoni kwa mama. Nikiinusa leo katika gereji yoyote, huwa sikumbuki gari kwanza. Hukumbuka wiki moja ya maandalizi, na jinsi ilivyomalizika.

Baba yangu, Kassim, alikuwa na duka la misumari, rangi na mabati karibu na soko. Babu yake alitoka Mombasa akiifuata reli, akafika Voi, akabaki. Mama alikuwa Mdawida, yaani Mtaita, wa Mgange, huko juu milimani, aliyesilimu alipoolewa. Kabla ya hapo alikuwa akiendesha pikapu ya mboga ya wakulima wa kwao, kutoka Mgange hadi Voi, mara mbili kwa wiki. Leseni yake ilikaa kabatini chini ya vitambaa vya meza. Mimi, Zuhura, ndiye mtoto wao wa kwanza, na mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila Agosti shule zikifungwa, baba na marafiki zake wanne wenye magari ya kupanda milima waliongozana hadi Mgange kwa njia ya zamani inayopanda kutoka upande wa Bura, njia ya mawe na makorongo ambayo malori yalikuwa yameshaikimbia. Walikwenda na wake na watoto, wakapika pilau kwenye baridi, wakalala kwa jamaa, wakashuka kesho yake. Hakukuwa na sababu nyingine ya kwenda. Baba ndiye aliyetangulia, kwa kuwa aliijua njia, na kwa kuwa landrova yake ilikuwa kongwe kuliko magari yote na haikuwa imevutwa na kamba hata siku moja.

Maandalizi yalichukua wiki nzima, na baba hakumpa fundi yeyote kazi hiyo. "Msafiri ni aliye bandarini," alizoea kusema, ingawa bandari yetu ilikuwa ua wa mchanga wenye mwarobaini mmoja na kamba ya nguo. Alimwaga oili kuukuu, akatia mpya. Alilala chini ya gari akigonga springi moja moja kwa spana, akisikiliza mlio wake, kwa sababu springi yenye ufa huitika vibaya. Alikaza nati za magurudumu, akabadilisha mkanda wa feni hata kama uliokuwepo ulifaa, akapaka grisi kila palipopakika. Kisha vikafuata vitu vya kubeba: kamba nene ya kuvutia, sepetu, panga, mbao mbili za kuweka chini ya tairi likizama, jeki ndefu, na majerikeni ya maji ya rejeta. Kila kitu kilikuwa na mahali pake na hakikubebwa kwa kubahatisha.

Mwaka huo alinipa kazi ambazo hakuwahi kunipa. Siku ya kwanza alinitia mkononi geji ya upepo wa matairi akasema, "Nisomee, mwanangu, jua linanipiga machoni." Nikasoma. Jua lilikuwa nyuma yake. Siku ya pili aliniita nimwambie oili imefika alama gani kwenye kijiti cha kupimia. Siku ya tatu alitaka kuongeza mafuta ya breki, akayamimina kando ya kikopo chake bila kujua. Yakatiririka juu ya bodi, na kufikia magharibi rangi ilikuwa imevimba mapovu kama ngozi iliyoungua. Alilaumu mdomo wa kopo. Nati zilizoanguka mchangani hakuzitazama, alizipapasa, na aliposhindwa kuzipata alikaa tu, akingoja nimwokotee. Niliyaona yote hayo bila kuyaunganisha. Mtoto huona mengi, lakini huyaweka kila moja peke yake.

Siku ya nne tulikwenda kulijaribu gari kwenye mto mkavu nje ya mji. Baba alifunga habu za magurudumu ya mbele ili nayo yavute, akaingiza gia ndogo ya nguvu, tukaanza kupita mchangani polepole, injini ikinguruma kwa sauti nzito. Kushoto kwetu, upande wangu, mwanamke mmoja alikuwa akivuka na punda aliyebeba maji. Nilidhani baba atapunguza mwendo. Hakupunguza. Mwanamke akapiga ukelele, akamvuta punda kwa nguvu zote, na jerikeni moja likagonga mlango wangu. Baba akakanyaga breki, gari likazimika.

"Ilikuwa nini?" akaniuliza.

"Mama mmoja na punda. Baba, ilibaki kidogo umgonge."

Mwanamke alitutukana kwa Kikamba, akaenda zake. Baba alikaa mikono ikiwa juu ya usukani. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile aliyotumia kumweleza mteja kwamba mabati yamekwisha, kwamba jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu tangu Ramadhani, na la kulia nalo halikuwa zima. Akasema ni uchovu, utapita. "Lakini Jumamosi utakaa mbele, hapo hapo ulipo. Utaniambia: jiwe, korongo, ukingo. Kazi yenyewe mikono yangu inaijua. Mama yako asijue."

Sikuogopa mara moja. Kwanza nilijiona mkubwa. Tuliporudi nilikuwa nikimtajia barabara nzima, shimo hili, mbuzi wale, na yeye akiitikia kwa usukani, na tulipoingia uani bila kugusa nguzo ya lango alinipiga bega kama anavyowapiga rafiki zake. Hofu ilikuja usiku nilipolala. Nilikuwa nimeipanda njia ya Mgange kila mwaka tangu nizaliwe, na nilijua kwamba upande wa kushoto, karibu mwendo wote, ni bonde.

Ijumaa baada ya swala magari yote matano yalikusanyika uani kwetu. Ilikuwa desturi yao kila mtu akague gari la mwenzake, kwa kuwa mwenye gari huzoea kasoro zake. Baba alikagua la Mwalimu Mwakio, rafiki yake mkubwa, mtu wa Mwatate aliyefundisha hesabu shule ya upili. Aliinama, akapapasa tairi moja baada ya jingine, akasimama akasema, "Safi!" Mimi nilikuwa nimechuchumaa ng'ambo ya gari. Ubavuni mwa tairi la nyuma kulikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, nyuzi zikionekana ndani. Nilijua watoto wa Mwalimu watakaa juu ya tairi hilo hilo.

"Baba," nikasema, "hili limepasuka."

Mwalimu Mwakio akaja, akachuchumaa, akatia ukucha kwenye mpasuko. "Kassim, hii tairi umeangalia kweli?"

Baba akacheka. "Nilikuwa namjaribu huyu. Nataka nione kama ana macho."

Watu wote wakacheka, tairi likabadilishwa, chai ikaletwa. Mwalimu peke yake alibaki akimtazama baba muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimefundishwa kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wangu ulikuwa umeshajikwaa mara moja siku hiyo. Bado nilikwenda jikoni.

Mama alikuwa akikaanga mahamri ya safari. Nilimwambia mambo yote kwa mpigo: geji, mafuta ya breki, punda, kiti cha mbele. Aliopoa kwanza mahamri yaliyokuwa kwenye karai yasije yakaungua, akaliepua karai, akajifuta mikono. "Misumari," akasema, si kwangu. "Mwezi mzima anawapa watu inchi tatu wakitaka inchi nne. Mimi nikadhani ni mawazo." Akaenda kabatini, kisha akatoka uani. Wageni walikuwa wameshaondoka na baba alikuwa akiyafunga majerikeni.

"Baba Zuhura, nipe ufunguo wa gari. Kesho naendesha mimi."

"Wewe? Hujashika usukani tangu uolewe."

"Nitaushika. Njia ni ya kwetu."

"Na watu niwaambie nini?"

"Waambie unalopenda. Watoto wangu hawapandi mlima wakiendeshwa na mtu asiyeona."

Sikuwahi kumsikia mama akisema na baba namna hiyo, na sikumsikia tena. Baba alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya boneti badala ya kumpa mkononi. Halafu akageuka upande wa mlango wa jikoni nilipokuwa nimesimama. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Alikuwa akiutazama mwimo wa mlango, hatua moja pembeni yangu.

Asubuhi aliwaambia rafiki zake, "Leo tunakwenda ukweni, basi mwenye kwao ndiye atakayetuongoza." Wakalipenda neno hilo. Mwalimu Mwakio hakucheka. Alisema tu, "Sawa, sisi tutafuata mama," akaingia garini mwake. Mama alivaa buibui lake na viatu vya mpira, leseni akiwa ameichomeka kifuani. Injini ilimzimikia mara mbili kabla hatujafika Bura. Baba alikaa kushoto mbele, mimi nyuma na wadogo zangu wawili, na hakuna aliyenitaka niseme jiwe wala korongo.

Katikati ya mlima kuna kona inayopanda ikipinda, yenye mawe yaliyolegea. Hapo gari lilianza kuteleza kinyumenyume. Niliona majani ya bondeni yakipita dirishani kuelekea mbele badala ya nyuma, na wadogo zangu wakaanza kulia. Mguu wa mama ulikuwa umeshaanza kuielekea klachi.

"Usiikanyage," baba akasema. Hakugeuza kichwa; asingeona kitu hata angekigeuza. "Iache. Itashika yenyewe. Sasa kulia kidogo. Kidogo tu. Mafuta yale yale, usiongeze." Alikuwa akiisikiliza injini na mwinamo wa kiti, na alijua tulipo kuliko sisi tuliokuwa tukitazama. Mama akafanya kama alivyoambiwa, jiwe kwa jiwe, mpaka mbele ya gari ikashuka tena na kona ikabaki nyuma yetu. Mama hakusema ahsante, na baba hakumsifu. Mmoja wetu alifungua dirisha, tukaisikia baridi ya juu na harufu ya mikaratusi. Magari mengine yalipanda nyuma yetu salama. Pilau ililiwa kama miaka yote.

Daktari wa macho wa Mombasa, baba alipokubali hatimaye kupelekwa, alisema ni presha ya ndani ya jicho. Mficha maradhi kilio humuumbua: kilichopotea hakikuweza kurudishwa, na kilichobaki kingelindwa kwa matone asubuhi na jioni, maisha yote. Hakuendesha gari tena. Landrova ilikaa uani miaka kadhaa, kuku wakitaga chini yake, mpaka akaja mtu wa Taveta mwenye shamba la ndizi Mboghoni akaichukua. Mimi baba hakunisemesha hadi Desemba. Nikiwa nimesimama mbele yake alikuwa akimwambia mdogo wangu, "Mwambie Zuhura alete maji." Kisha siku moja alinipa gazeti nimsomee, nikamsomea, na jambo likaisha bila kuzungumzwa. Halijazungumzwa mpaka leo.

Siku hizi vikundi vya vijana huja kutoka Nairobi na Mombasa kupanda milima yetu. Magari yao yana mashine za kujivuta zenyewe, taa safu nzima juu ya paa, na simu inayowaonyesha njia hadi kwenye kona. Gereji huwaandalia kila kitu. Wenyewe hawanuki oili. Sioni ubaya wake. Madaktari wa macho nao huja mjini na hema lao, na watu wazima, wenye maduka na walimu, hupanga foleni mchana kweupe wakiwa na kadi mkononi, wakitaniana. Mimi hupimwa kila mwaka, kwa kuwa ugonjwa huu hupita katika damu, na hadi sasa nimesalimika. Mama naye huendesha hadi leo, gari dogo la mjini, vibaya na kwa furaha.

Nina umri aliokuwa nao baba wiki ile, na nina duka langu na wanaonitegemea, hivyo najua kidogo alichokuwa akikilinda. Huenda nami ningenyamaza. Nilipokuwa mtoto niliyapima mambo yale kwa swali moja tu, kama nilifanya vyema kusema au la, na jibu langu halijabadilika: ningesema tena, kabla gari halijaondoka. Ila ningeanza kwake. Ningerudi kule mtoni, gari likiwa limezimika na mikono yake ikiwa juu ya usukani, nimwambie yeye mwenyewe kwamba sitakaa mbele, na kwamba jioni nitamweleza mama. Alistahili kupewa saa chache za kusema mwenyewe.